Kusogeza ufizi kabla ya kuchukua chapa ya taji: mwongozo kamili kwa daktari wa meno

Taji, yaani kofia bandia inayofunika jino lililochongwa, likirudi kutoka maabara halikai sawasawa, lawama ya kwanza humwendea fundi. Kabla hujampigia simu, itoe ile chapa ya silikoni yenye umbo la jino uliyompelekea, iweke chini ya taa na uufuate taratibu ukingo, yaani mstari ambapo uchongaji unaishia, kulizunguka jino zima. Mara nyingi jibu liko hapo: silikoni imechanika upande wa nyuma, kuna tundu la hewa katikati ya meno, au ukingo umezama chini ya ufizi na fundi amelazimika kukisia. Fundi hawezi kutengeneza asichokiona.

Kusogeza ufizi, yaani kuusukuma kando ya jino kwa uzi uliolowekwa dawa ili ukingo uonekane kwenye chapa, tulifundishwa chuoni, na ukimuuliza daktari yeyote wa meno atakueleza vizuri tu. Tofauti huonekana kazini. Wapo wanaoiruka hatua hii kwa sababu foleni ni ndefu. Wapo ambao kliniki yao haina nyuzi stoo. Wapo pia wanaoshindilia uzi wowote uliopo bila kuuliza umelowekwa dawa gani na mgonjwa aliyelala kwenye kiti ana maradhi gani. Ninaandika nikiamini jambo moja: kazi hii hufaulu au kuharibika kabla uzi haujaugusa ufizi.

## Nafasi unayoitafuta

Mfereji wa ufizi, yaani upenyo mdogo kati ya ufizi na jino, kwa mtu mwenye fizi zenye afya una kina cha milimita 0.5 hadi 3. Chini ya mfereji kuna utando laini ulioshikamana na jino, kisha tishu unganishi, halafu mfupa. Vipimo vya Gargiulo na wenzake, vilivyochapishwa mwaka 1961, vilipata wastani wa milimita 0.97 kwa utando huo na 1.07 kwa tishu unganishi, jumla kama milimita 2. Eneo hilo si lako. Ukilivamia kwa ukingo wa taji, ufizi utabaki mwekundu na kuvuja damu miezi na miaka, au utarudi nyuma pamoja na mfupa. Ndiyo maana ukingo usizamishwe zaidi ya milimita 0.5 hadi 1 ndani ya mfereji, na pale usipolazimika kuuzamisha kabisa, uache juu ya ufizi. Ukingo ulio juu ya ufizi hauhitaji uzi, na jino la nyuma lisiloonekana mtu akicheka halina haja ya kufichwa ukingo.

Ufizi unausogeza pande mbili kwa wakati mmoja. Kwanza unausukuma utoke ubavuni mwa jino, ili silikoni nyepesi ipate pa kupenya. Pili unaushusha kidogo, ili sehemu ya jino iliyo chini ya ukingo, ambayo hujaichonga, nayo ionekane. Namba ya kukumbuka ni milimita 0.2. Nafasi ikiwa finyu kuliko hapo, silikoni inayoingia huwa nyembamba mno: huchanika unapotoa trei inayobeba silikoni mdomoni, au hujikunja kidogo bila wewe kujua, na taji likatoka na kosa ambalo halionekani hadi siku ya kulibandika.

Na nafasi hiyo haidumu. Ukitoa uzi, ufizi huanza kurudi papo hapo, na baada ya nusu dakika hivi sehemu kubwa ya ulichokipata imeshapotea. Kila kitu kinachofuata katika mwongozo huu kinaendana na ukweli huo.

## Wiki mbili kabla

Ufizi uliovimba hausogei vizuri, unavuja damu ukiguswa, na vipimo vyake vya leo si vya mwezi ujao. Ukichukua chapa ufizi ukiwa umevimba, uvimbe utakapopungua ukingo wa taji utabaki wazi na mgonjwa atarudi akilalamika kwamba anaona mstari mweusi.

Kwa hiyo safisha ukoga na ugaga kwanza, mfundishe mgonjwa kupiga mswaki pale ufizi unapokutana na jino, halafu umpe wiki moja au mbili. Ukirudi kupima kwa kijiti cha kupimia fizi na damu haitoki, endelea. Ikitoka, bado.

Taji la muda nalo ni sehemu ya matibabu ya ufizi, na hapa ndipo wengi tunapozembea. Taji la muda lenye ukingo mfupi huacha ufizi ujikunje na kulala juu ya jino. Lenye ukingo mrefu au wenye kingo kali hulisha uvimbe kila siku. Ling'arishe, ondoa saruji yote iliyobaki pembeni, na hakikisha uzi wa kusafishia meno unapita. Kama uchongaji umeujeruhi ufizi, usichukue chapa siku hiyohiyo kwa kung'ang'ania. Mwache apone na taji zuri la muda. Ziara moja zaidi ina gharama kwa mgonjwa aliyepanda basi kutoka mbali, ninalijua hilo, lakini kurudia taji zima ni ghali zaidi kwake na kwako.

Piga eksirei pia. Ukiona jino limeoza au kuvunjika hadi karibu na mfupa, uzi hautakusaidia. Hapo jino linahitaji upasuaji mdogo wa kushusha ufizi na mfupa, au lifikiriwe upya kabisa.

## Uzi na dawa yake

Njia zipo nyingi, lakini uzi bado ndio msingi. Hata mabingwa wa meno bandia nchini Marekani walipoulizwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, karibu wote walisema wanatumia uzi. Ni wa bei nafuu, hauhitaji umeme, na unakuonyesha kwa macho kama umefaulu.

Nyuzi zipo za kusokotwa, za kusukwa na za kufumwa. Zilizosokotwa hufumuka ukizisukuma. Mimi napendelea zilizofumwa kwa sababu hunywa dawa vizuri na hubaki pale unapoziweka. Unene huandikwa kwa namba: 000 ndiyo nyembamba kabisa, kisha 00, 0, 1, 2 na 3. Kwa meno ya mbele ya chini na fizi nyembamba, 000 au 00 inatosha. Kwa magego, 1 au 2 kama uzi wa juu. Ukitaka kujaza stoo kwa fedha kidogo, nunua 000, 00 na 1, utafanya kazi karibu zote.

Uzi mkavu husogeza lakini hauzuii damu wala majimaji ya mfereji, hivyo huloweshwa dawa. Hapa sharti tuwe makini.

Kloridi ya alumini ya asilimia 20 hadi 25 ndiyo dawa ya kila siku. Hukaza tishu, huzuia damu ya kiasi, haichafui jino, na haigusi moyo wa mgonjwa. Ukiwa huna uhakika utumie nini, tumia hii.

Feri salfeti, ya asilimia 15 hadi 20, ina nguvu zaidi kwa damu. Huigandisha damu na kuziba midomo ya mishipa midogo. Kasoro yake ni madoa: huacha ufizi na dentini (tabaka la jino lililo chini ya enameli) rangi ya kahawia au nyeusi kwa siku kadhaa, kwa hiyo sipendi kuitumia karibu na taji la mbele linalopitisha mwanga. Mwambie mgonjwa kabla, asije akashtuka mbele ya kioo. Na usiichanganye na uzi wenye adrenalini. Zikikutana hutoa uchafu wa rangi ya buluu iliyokolea hadi nyeusi.

Uzi wenye adrenalini ya asilimia 8 bado unauzwa, na ningependa kila daktari anayesoma hapa aangalie kopo lake leo. Kipande cha inchi moja, yaani kama sentimita 2.5, kinaweza kubeba miligramu 0.2 hadi 1 ya adrenalini. Linganisha: kichupa cha ganzi cha mililita 1.8 chenye adrenalini ya 1:80,000 kina miligramu 0.0225 tu. Kikomo kinachopendekezwa kwa mtu mwenye afya ni miligramu 0.2, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo ni 0.04. Si adrenalini yote ya kwenye uzi inayoingia mwilini, lakini ufizi uliochanika hunyonya zaidi ya ufizi mzima, na ufizi tunaouzungushia uzi mara nyingi umetoka kuchanika. Mgonjwa mwenye presha isiyodhibitiwa, ugonjwa wa moyo, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, anayetumia dawa za sonona za kundi la traisaikliki au vizuizi vya MAO (navyo ni dawa za sonona), au anayetumia kokeni, asiwekewe uzi huu kabisa. Watu wengi wana presha na hawajawahi kupimwa, kwa hiyo mpime kabla ya ganzi. Kwa maoni yangu, kwa kuwa kloridi ya alumini ipo, uzi wa adrenalini hauna sababu ya kuwemo kwenye droo yako.

## Hatua kwa hatua

Andaa kila kitu kwanza. Trei iliyojaribiwa mdomoni na kupakwa gundi yake hadi ikakauka, silikoni nyepesi ikiwa tayari kwenye bunduki na ncha yake, silikoni nzito karibu, na msaidizi anayejua utasema neno gani na yeye atafanya nini. Uzi ukishatoka hakuna muda wa kutafuta kitu.

Glovu. Glovu za mpira wa latex zina salfa inayoweza kuzuia silikoni ya aina ya A (ile isiyosinyaa kwa siku kadhaa) isigande. Ukikanda silikoni nzito kwa mkono uliovaa glovu hizo, au ukishika nazo uzi na jino, unaweza kukuta tabaka linalonata hasa pale ukingoni. Tumia za nitrile au vinyl.

Ganzi na ukavu. Toa ganzi hata kama jino limekufa, kwa sababu ufizi haujafa. Ganzi yenye adrenalini kidogo, kwa mgonjwa anayeruhusiwa, hupunguza damu na mate. Weka pamba upande wa shavu na chini ya ulimi, bomba la kunyonya mate lifanye kazi, kisha kausha jino kwa hewa ya upole.

Kata uzi. Zungushia jino kupima urefu. Ukitumia uzi mmoja, acha mkia wa milimita 2 au 3 wa kuushika. Ukitumia nyuzi mbili, ule wa chini ukatwe ncha zake zikutane bila kupandana, usiwe na mkia. Lowesha kwenye dawa kisha ukamue kwa shashi. Uzi unaodondosha dawa ya tindikali unachoma ufizi usiohusika.

Uzi mmoja au mbili? Ufizi wenye afya, jino moja hadi matatu, ukingo ulio usawa wa ufizi au chini kidogo: uzi mmoja. Meno mengi kwa pamoja, ukingo ulio ndani zaidi, au damu kidogo inayochungulia: nyuzi mbili, wa chini mwembamba wa 000 au 00, na wa juu mnene zaidi. Ule wa chini unabaki ndani ya mfereji wakati wa chapa, unashikilia ufizi usirudi na kuzuia majimaji. Ufizi ukiwa mwembamba kiasi cha kuona kivuli cha kijiti cha kupimia kupitia kwake, acha nyuzi mbili. Ufizi wa namna hiyo hurudi nyuma kwa urahisi na haurejei.

Shindilia. Anza katikati ya meno mawili, upande wa jino ulio karibu na mstari wa katikati wa kinywa, kwa kuwa hapo mfereji una kina na uzi hushika. Kisha pita upande wa ulimi au kaakaa, uende nyuma ya jino, umalizie upande wa shavu, ambako ufizi ni mwembamba na unaonekana. Tumia kifaa chembamba butu. Ncha yake ielekee jino, si ufizi, na iinamishwe kidogo kuelekea sehemu ambayo uzi umeshaingia. Ukiielekeza mbele, unavuta nje kile ulichokiingiza nyuma. Sukuma, toa, sogea kidogo, sukuma. Nguvu ni ndogo kuliko mkono unavyotaka kutumia. Ukiona ufizi umekuwa mweupe na kubaki hivyo, umezidisha nguvu au uzi ni mnene mno: toa, chukua mwembamba.

Tazama kutoka juu. Hiki ndicho kipimo chote cha kazi. Ukingo wote uonekane, na kuuzunguka uonekane mduara wa uzi usiokatika. Pakiwa na sehemu ambapo kikunjo cha ufizi kimelala juu ya uzi, hapo ndipo chapa itakapokatika. Ongeza kipande kifupi cha uzi mahali hapo tu.

Subiri. Dakika 4 ni kiwango cha chini. 5 hadi 10 inafaa kwa wengi. Usikisie, weka saa. Usimwache mgonjwa na uzi wenye dawa robo saa huku ukimhudumia mwingine chumba cha pili.

Lowesha, toa, kausha, dunga. Uzi mkavu huwa umegandamana na utando wa ndani wa mfereji. Ukiuvuta hivyo unachuna utando na damu inatoka sekunde ileile uliyohitaji ukavu. Nyunyizia maji uzi uloe, kausha sehemu zinazozunguka, shika mkia, vuta taratibu kwa kuuzungusha kutoka upande mmoja. Mfereji utauona umekaa wazi, mweusi kidogo, mkavu. Hapo hapo ingiza ncha ya bunduki ndani ya mfereji upande wa nyuma wa jino na uendeshe kulizunguka bila kuinua ncha kutoka kwenye silikoni, ili usifungie hewa. Puliza hewa kidogo isambae, ongeza tabaka la pili, msaidizi akupe trei. Ikae muda wote ulioandikwa na mtengenezaji. Joto la chumba lisikudanganye kuitoa mapema.

## Damu ikigoma

Damu ndogo kutoka kikunjo kimoja: chukua brashi ndogo yenye feri salfeti, sugua hapo kwa nguvu kidogo, sio kugusa tu, osha kwa maji mengi, tazama tena. Damu kutoka ufizi wa katikati ya meno hupungua kwa tone la ganzi yenye adrenalini ndani ya ufizi huo, kwa mgonjwa anayeruhusiwa. Kila unapotumia dawa hizi osha kabla ya chapa. Zina tindikali kali, mabaki yake huharibu usawa wa silikoni ukingoni, na yakibaki kwenye dentini hudhoofisha gundi ya kubandikia.

Umejaribu mara mbili na damu bado? Acha. Rekebisha taji la muda, mpe dawa ya kusukutulia ya klorheksidini, umpange baada ya wiki moja. Hakuna silikoni inayofukuza damu.

## Njia nyingine kwa ufupi

Pasta ya kaolini yenye kloridi ya alumini hudungwa mfereji mzima, hukaa dakika 1 hadi 2, kisha huoshwa. Ni ya upole, inafaa ufizi mwembamba na ukingo usiozama sana, lakini haina nguvu ya uzi pale mfereji ulipo na kina, na bei yake si ya kila kliniki. Kisu cha umeme na leza hukata kabisa. Ni vyema kwa kikunjo cha ufizi kilichoota juu ya jino lililovunjika. Kisu cha umeme kisimkaribie mgonjwa mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, na tumia kioo cha plastiki badala ya chuma.

Wanaohamia kwenye skana ya mdomoni wasidhani wameepuka kazi hii. Mwanga hausukumi ufizi kando kama silikoni nzito inavyoweza kufanya kidogo. Skana inasoma kile tu ilichokiona. Faida yake ni kwamba unaona kosa kwenye skrini papo hapo na kurudia sehemu hiyo peke yake.

## Trei ikishatoka

Osha chapa, kausha, itazame kwa kioo cha kukuzia kama unacho. Unatafuta ukingo usiokatika kulizunguka jino zima, na nje yake utando mwembamba wa silikoni wa kama milimita 0.5 uliosimama wenyewe. Utando huo ndio unaomwambia fundi jino linaishia wapi na taji lianze wapi. Ukikosekana hata sehemu moja, rudia leo, mgonjwa akiwa bado na ganzi.

Tibu chapa kwa dawa ya kuua vijidudu kwa muda ulioelekezwa, kisha fikiria safari yake. Silikoni ya aina ya C hutoa mvuke wa kileo na kusinyaa, kwa hiyo imiminiwe plasta ndani ya nusu saa hadi saa moja. Ukiwa Sumbawanga na fundi wako yuko Dar es Salaam, usimtumie chapa ya aina hiyo kwa basi. Tumia aina ya A, ambayo hubaki na vipimo vyake kwa siku kadhaa, au mimina modeli mwenyewe kabla ya kutuma.

Mwisho rudi mdomoni. Uzi wa chini wa nyuzi mbili haujatoka, na wakati mwingine hung'oka pamoja na silikoni. Hesabu nyuzi ulizoingiza na ulizotoa. Uzi uliosahaulika mferejini huleta uvimbe mkali, usaha, na hata upotevu wa mfupa, kwa mgonjwa ambaye hana namna ya kujua chanzo chake. Pitisha kijiti cha kupimia kulizunguka jino, osha mfereji kwa maji, bandika taji la muda, na uandike kwenye faili: nyuzi ngapi, unene gani, dawa gani, zote zimetolewa.